Joseph Bramah, Seremala na Fundi wa Vitasa

Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 katika Yorkshire, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Joseph alipokuwa kijana aliumia mguu, asiweze tena kazi ya shamba. Basi akatiwa kwa seremala ajifunze. Alipokwisha kuhitimu alikwenda London, akawa fundi wa vyombo vya mbao.

Siku zile vitasa vingi vilikuwa hafifu. Mwivi stadi aliweza kuvifungua kwa waya. Mwaka 1784 Bramah alipata hati ya serikali kwa kitasa cha namna mpya. Ndani yake mna vipande vyembamba vya chuma, na ufunguo wake, mfano wa bomba dogo, hukisukuma kila kimoja kwa kadiri yake. Kimoja kikizidi au kikipungua, kitasa hakigeuki. Kazi hiyo yataka usahihi mwingi. Kwa hiyo yeye na fundi wake kijana, Henry Maudslay, waliunda mashine za kuifanya.

Kisha kufuli moja la namna hiyo liliwekwa dirishani mwa duka, na ahadi ya gini 200, fedha ya Kiingereza ya zamani, kwa atakayelifungua pasipo ufunguo. Bramah alikufa mwaka 1814, nalo halijafunguliwa. Mwaka 1851 Mmarekani, Alfred Hobbs, alilifungua kwa kazi ya saa 51 katika siku 16, akapewa fedha zile.

Basi hakuna kitasa kisichoshindika. Lakini Bramah hakuificha kazi yake. Aliiweka mbele ya watu wote ijaribiwe. Fundi afanyaye hivyo ni mwaminifu.