Kozi alizochagua Mwalimu Nyerere na somo lake kwa wanaosaka digrii ya biashara

Msimu wa udahili ukifika, vijana waliomaliza kidato cha sita Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, wanakutana na swali lilelile. Anayetaka digrii ya biashara anafungua orodha ya kozi za chuo. Anakuta uhasibu, masoko na fedha. Akishuka chini anakuta pia historia, maadili, sheria na masomo ya maendeleo. Anajiuliza, sasa hizi za nini, na ada ndiyo hiyo hiyo?

Kwa Tabora swali hilo lina historia. Kijana mmoja aliyesoma na kufundisha mjini humo alikutana nalo miaka zaidi ya 70 iliyopita, akachagua. Ni Julius Kambarage Nyerere.

Mtoto wa chifu katika mji wa biashara

Nyerere alizaliwa Butiama, Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi. Kichwa kilikuwa chepesi: darasa la miaka minne alilimaliza kwa mitatu.

Mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora, iliyochukua vijana wachache waliofaulu vizuri kutoka pande mbalimbali za Tanganyika.

Mji wenyewe ulijua biashara kabla ya shule hiyo kuwepo. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapo na nguo, shanga, pembe za ndovu, na watu waliofanywa watumwa. Reli ya Kati ikafika mwaka 1912.

Mwaka 1943 Nyerere alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Aliporudi, shule mbili za Tabora zilimtaka: ile ya serikali na St. Mary's ya Kanisa Katoliki. Akachagua St. Mary's, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo. Huko alifundisha biolojia na Kiingereza, na baada ya saa za kazi akawafundisha watu wazima Kiingereza bure.

Mkaguzi wa bei aliyeacha kazi

Kuna kipande cha maisha yake Tabora ambacho hakisimuliwi sana. Kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani na kuangalia wenye maduka wanauza kwa bei gani.

Alikuta bei za udanganyifu, akaandika ripoti. Wakubwa wakazipuuza. Akaacha kazi.

Ukiitazama kazi ile kwa jicho la leo, hesabu haikuwa tatizo. Kulinganisha bei halali na bei ya dukani ni jambo la kutoa na kujumlisha. Ugumu ulikuwa kwingine: nani anaisimamia sheria, nani anamlinda mnunuzi, na kwa nini ripoti sahihi inaweza kukaa mezani bila kufanyiwa kazi. Maswali hayo hayamo kwenye kitabu cha hesabu.

Kutoka kemia hadi falsafa

Padri Richard Walsh, mkuu wa St. Mary's, ndiye aliyemsukuma afikirie kusoma Uingereza. Nyerere akafanya mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha London, akafaulu. Ombi lake la kwanza la ufadhili liligonga mwamba. La pili likakubaliwa mwaka 1949.

Hata hivyo, hakuondoka na moyo mweupe. Baba alikwishafariki, na mama na wadogo zake walikuwa wanamtegemea. Kwenda kusoma maana yake ni kukata msaada wa nyumbani, jambo ambalo vijana wengi wa Uyui wanalielewa bila kuelezwa.

Aprili 1949 alisafiri, akafika Edinburgh, Scotland. Alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Lakini Oktoba mwaka huo alikubaliwa katika Kitivo cha Sanaa, kusomea digrii ya Master of Arts, ambayo kwa Scotland ni digrii ya kwanza.

Haikuwa digrii ya kubobea katika somo moja. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Mwaka wa pili, historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Maksi zake hazikuwa za kutisha, ila alifaulu masomo yote na kuhitimu Julai 1952.

Kuchanganya uchumi na falsafa kulikuwa na mizizi mirefu huko. Adam Smith, Mskoti anayetajwa kama baba wa elimu ya uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili mjini Glasgow kabla hajatoa kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa mwaka 1776.

Kozi zilipoanza kulipa

Nyerere alirudi Oktoba 1952, akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1953 akawa rais wa TAA, na Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika. Huko alihitaji kujua katiba, historia na lugha, na vyote alikuwa amevisoma. Mwezi huohuo aliacha ualimu.

Fasihi nayo haikupotea. Akiwa tayari rais wa nchi alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Moja, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, inahusu mkopo, mkataba na kesi mahakamani. Mwanafunzi wa biashara akiisoma atakuta mambo anayoyajua.

Lakini kuna upande wa pili

Ukiangalia tena ile orodha ya Edinburgh, haina uhasibu wala uendeshaji wa kampuni. Pengo hilo lilikuja kuwa la nchi nzima.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua mabenki na kampuni kubwa. Ghafla walihitajika watu wa kuziendesha, na hawakutosha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ilibidi virudishwe miaka ya 1980. Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, bidhaa zilikuwa adimu na uchumi umechoka. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ya mafuta na vita vya Uganda, lakini usimamizi dhaifu wa mashirika ya umma ulikuwa mmojawapo.

Serikali yake ililiona pengo hilo. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa mwaka 1965. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na bodi ya wahasibu, NBAA, vikafuata mwaka 1972. Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweka masomo ya maendeleo kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa fani mbalimbali. Yaani anayejua jamii afundishwe hesabu, na anayejua hesabu afundishwe jamii.

Kwa anayejaza fomu leo

Uyui ni nchi ya tumbaku na asali. Mhitimu wa biashara akirudi Isikizya, kuna uwezekano mkubwa akakaa meza moja na viongozi wa AMCOS. Tumbaku inauzwa kwa madaraja, bei inatajwa kwa dola, na pembejeo zinachukuliwa kwa mkopo. Atahitaji kupiga hesabu bila kukosea. Atahitaji pia kuusoma mkataba, kujua kwa nini mkulima mzee haamini ushirika, na kumweleza makato yake kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo kozi za jumla zisihesabiwe kama mzigo tu, wala zisichukuliwe kama pambo la cheti. Kabla ya kuchagua, angalia ni ngapi, zinafundishwa mwaka gani, na kama zinagusa mikataba, historia ya uchumi na uandishi. Kisha angalia uhasibu unafika hadi wapi. Chuo chenye upande mmoja tu kitakuacha na kazi ya kujaza mwingine mwenyewe. Na kama ada ni ya kuungaunga, kuanza na stashahada ya uhasibu halafu kusogea mbele si aibu.

Mwalimu alifariki London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Zile kozi saba za Edinburgh alizichagua akiwa na miaka 27, na familia nyumbani ikimsubiri.