Bibi Rufaida al-Aslamiyya: Muuguzi Aliyepiga Hema Msikitini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu msomaji, baada ya sala ya Ijumaa moja alinijia mzee mmoja, jirani yangu wa miaka mingi, akifuatana na mkewe na binti yao. Binti huyo amehitimu masomo ya uuguzi, akajiunga na jeshi, akamaliza mafunzo ya kiaskari, na sasa ameulizwa angependa kuanzia kazi katika kituo gani. Baba anataka kituo cha karibu na nyumbani ili mtoto asipotee machoni pake. Mama anataka hospitali kubwa ya mjini, ambako binti atapata wakubwa wa kumfunza. Mwenyewe binti anataka kambi ya mbali, mpakani, kwa kuwa anaamini ndiko atakakohitajiwa zaidi. Nyumba ilikwishaanza kuingia ubaridi kwa ajili ya jambo hilo. Sikuwapa fat-wa, maana suala lenyewe si la halali na haramu. Niliwasimulia habari za Bibi Rufaida (R.A.), na leo nimeona niwasimulie na wasomaji wa ukurasa huu.

Jina lake kamili ni Rufaida binti Saad, wa kabila la Aslam. Kabila hili lilikuwa na makazi yake nje ya Madina, na wengi katika watu wake walisilimu mapema. Ibn Is-haq, mwandishi wa sira, anamtaja kwa jina hilo la Rufaida. Ibn Saad, katika tabaka zake za Maswahaba wanawake, anamtaja bibi wa Aslam aliyekuwa na hema katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) akiwatibu wagonjwa na majeruhi, lakini yeye anamwita Kuaiba binti Saad. Wako wanazuoni waliosema kuwa hao ni ndugu wawili, na wako waliosema ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Hema ni moja, msikiti ni mmoja, na majeruhi anayetajwa ndani yake ni yuleyule, kwa hiyo nafsi yangu inaelekea kauli ya pili. Katika vitabu vya siku hizi utasoma pia kuwa baba yake alikuwa tabibu na kwamba alijifunza kazi kwake. Yawezekana kabisa, ila wapokezi wa mwanzo wanatueleza kazi yake zaidi kuliko nasaba ya elimu yake.

Ili tuelewe kituo alichokishika, ni vyema kwanza tutazame wanawake wenzake walisimama wapi. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625 Miladia), Bibi Aisha na Bibi Ummu Sulaim (R.A.) walibeba viriba vya maji migongoni na kuwanywesha majeruhi pale pale uwanjani, kisha wakarudi kuvijaza tena. Bibi Fatima (R.A.) alimwosha baba yake jeraha la usoni, na alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka akaweka majivu yake juu ya jeraha, damu ikakatika. Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) alisimulia kuwa yeye na wenzake walikuwa wakitoka vitani pamoja na Mtume (S.A.W.), wakiwanywesha na kuwahudumia wapiganaji, na kuwarudisha Madina waliouawa na waliojeruhiwa. Naye Bibi Ummu Atiyya (R.A.) alitoka katika vita saba, na mahali pake palikuwa nyuma, kwenye mizigo, akipika chakula, akitibu majeraha na kuwaangalia wagonjwa.

Kwa hiyo palikuwa na kazi ya uwanjani, ya njiani na ya kambini. Zote ni uuguzi, na hakuna aliyeambiwa kuwa kituo cha mwenzake ni bora kuliko chake.

Tuje sasa kwa Bibi Rufaida. Mwaka wa 5 Hijria (627 Miladia) Makureshi na washirika wao, wapatao 10,000, waliizingira Madina. Waislamu walikuwa takriban 3,000. Handaki lilichimbwa upande wa kaskazini, na jeshi likapiga kambi chini ya mlima Sal'i, si mbali na msikiti. Wanawake na watoto walipelekwa ngomeni. Siku moja Saad bin Muadh (R.A.), mkuu wa kabila la Aus, alipita karibu na ngome waliyokuwamo mama yake na Bibi Aisha. Deraya aliyovaa ilikuwa fupi, mikono yake yote iko nje. Bibi Aisha aliiona, akamwambia mama yake Saad kuwa angependa deraya ile ingekuwa ndefu zaidi. Hofu yake ilitimia. Mshale ulirushwa kutoka ng'ambo ya handaki, ukampata Saad mkononi na kuukata mshipa mkubwa ambao Waarabu huuita akhal. Hata leo, mbele ya daktari mwenye nyuzi na damu ya kumwongezea mgonjwa, jeraha la mshipa kama huo si la kuchezea.

Mtume (S.A.W.) aliamuru Saad apelekwe kwenye hema la Rufaida msikitini. Sababu imetajwa wazi katika mapokezi, nayo ni kwamba alitaka awe karibu ili apate kumtembelea. Jambo hili tusilipite haraka. Saad alikuwa na nyumba yake, na watu wa kabila lake walikuwa wengi, wangefurahi kumuuguza wenyewe kwa zamu. Lakini hakupelekwa kwao. Alipelekwa kwa mwanamke ambaye si wa ukoo wake, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kwa kazi hiyo, na hema lake liko mahali ambapo kiongozi hupita mara tano kwa siku. Imepokewa kuwa kila alipopita asubuhi na jioni alimuuliza Saad ameamkaje na ameshindaje, naye Saad humjulisha hali yake. Wauguzi wanaosoma hapa watatambua mara moja ni kitu gani hicho. Ni ile zamu ya kupitia wagonjwa kitandani.

Ibn Is-haq anaongeza kuwa bibi huyu alijitolea nafsi yake kuwahudumia Waislamu waliopatwa na shida, akitarajia malipo kwa Mola wake. Neno la waliopatwa na shida ni pana kuliko neno la majeruhi. Maana yake hema halikungoja vita ndipo lifunguliwe. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Saad alipoangushwa na mshale hapakuwa na haja ya kutafuta pa kumpeleka. Mahali palikuwapo, na mwenye kupaangalia alikuwapo.

Matibabu yalikuwa mazito. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilichoma jeraha kwa chuma cha moto ili kuzuia damu, mkono ukavimba, akalichoma mara ya pili. Damu ilisimama. Wakati huo mahasimu waliondoka na handaki likabaki kimya. Saad alibebwa juu ya punda kwenda kutoa hukumu katika kesi ya Bani Quraydha, kisha akarudishwa katika hema. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuanza kukauka. Ndipo Saad alipomwomba Mola wake kuwa kama vita na Makureshi vingalipo basi ambakishe avipigane, na kama vimekwisha basi jeraha lile lifunguke na liwe shahada yake. Lilifunguka usiku. Msikitini mlikuwa na hema jingine la watu wa kabila la Ghifar, nao hawakushtuka ila kwa damu iliyokuwa ikitiririka kuwafikia. Walipouliza inatoka wapi, waliona ni ya Saad. Alifariki akiwa na umri wa miaka 37, na Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Arshi ilitikisika kwa kifo chake.

Nilipofika hapa katika masimulizi, yule binti aliinamisha kichwa. Nilielewa. Mgonjwa mashuhuri kuliko wote katika historia ya muuguzi huyu ni mgonjwa aliyekufa mikononi mwake, tena baada ya kuonekana anapona. Hilo huwapata wauguzi wote mapema au baadaye, na wengi hupata pigo hilo katika kituo cha kwanza. Tunachokijua kuhusu Bibi Rufaida ni kwamba hakukunja hema lake kwa sababu hiyo.

Mwaka mmoja na ushei baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa 7 Hijria (628 Miladia), jeshi la Waislamu lilitoka kwenda Khaibar, mji wa ngome na mitende ulio kiasi cha kilomita 150 kaskazini ya Madina. Safari hii hapakuwa na msikiti wa kuegemea wala nyumba za karibu. Al-Waqidi, ambaye wanazuoni wa hadithi wanamdhoofisha lakini waandishi wa historia ya vita hawawezi kumkosa, anataja kuwa walitoka wanawake 20, na miongoni mwao anamtaja bibi wa Aslam mwenye hema. Bibi yetu sasa yuko mbali na nyumbani.

Kabla ya safari hiyo lilitokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niwakumbuke mabibi wa Aslam siku ile. Mwanamke mwingine wa kabila hilohilo, Bibi Ummu Sinan (R.A.), alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba atoke pamoja naye. Alieleza kazi anazoziweza, kushona viriba, kutibu wagonjwa na majeruhi iwapo watakuwapo, na kulinda mizigo. Alimruhusu, akamjulisha kuwa wako wanawake wengine waliokwisha kuomba na kuruhusiwa, wa kabila lake na wa makabila mengine. Kisha akampa hiari. Akitaka aende pamoja na watu wake, akitaka aende pamoja na Mtume (S.A.W.). Alichagua kuwa pamoja na Mtume, naye akampangia akae na mkewe, Bibi Ummu Salama (R.A.).

Angalia mpango wake, ewe mzazi. Mwanamke alianza kwa kusema anaweza nini, na si kwa kusema anataka wapi. Ruhusa ikatoka kwa mwenye jeshi. Hiari akapewa yeye mwenyewe, na kwenda na watu wake, yaani lile analolitaka baba jirani yangu, kulikuwa mojawapo ya njia mbili alizofunguliwa, bila aibu yoyote. Na alipochagua njia ya pili hakuachwa peke yake kambini, bali aliwekwa chini ya mwanamke mzima, mwenye akili na heshima. Mama jirani yangu naye alipata chake hapo.

Ngome za Khaibar zilianguka moja baada ya nyingine, ukaja wakati wa kugawa ngawira. Rai iliyo mashuhuri kwa mafakihi ni kuwa mwanamke aliyetoka vitani hupewa tuzo kwa kadiri aonavyo kiongozi, wala hapewi fungu kamili la mpiganaji, na hoja yao ni jibu la Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa kuhusu wanawake waliokuwa wakitibu majeruhi. Imamu al-Auzai aliona kuwa hupewa fungu. Msichana mdogo wa kabila la Ghifar, aliyetoka na wanawake wa kwao ili watibu majeruhi, alipewa kidani, na Mtume (S.A.W.) alimvisha shingoni kwa mkono wake. Hakukivua maisha yake yote, na aliusia azikwe nacho. Ama bibi wa Aslam mwenye hema, imepokewa na al-Waqidi kuwa alipewa fungu lililo sawa na la mwanamume.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.