Ramanujan na Kitabu cha Marudio

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia, mwalimu wa hisabati hutakiwa kuchagua kitabu cha marudio. Katika wiki za mazoezi ya kufundisha tumewaona wanachuo wetu wakikipima kitabu kwa wingi wa maswali yake na kwa majibu yaliyopangwa mwishoni. Ni vipimo viwili tu, na havitoshi. Tumeona heri, badala ya kutoa orodha ya masharti, tueleze maisha ya mtu ambaye kitabu cha namna hiyo kilimjenga na kumponza.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, akakulia Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo, na nyumba yao haikuwa na ziada. Walipokea wanafunzi wa chuo kama wapangaji ili wapate cha kujazia. Mwaka 1897 mtoto huyo alifaulu mtihani wa shule ya msingi kwa alama za juu kabisa wilayani. Kutoka kwa wapangaji hao aliazima kitabu cha trigonometria cha S. L. Loney, na alipofika umri wa miaka 13 alikuwa amekimaliza. Kitabu cha Loney kilikuwa cha kufundishia hasa: kilieleza, kikathibitisha, kisha kikatoa mazoezi.

Mwaka 1903 alipata kitabu kingine kutoka maktaba ya chuo cha serikali cha mji huo. Mwandishi wake, G. S. Carr, alikuwa mwalimu wa tuisheni huko London, na kitabu, kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1880 na 1886, kilikuwa muhtasari wa yale aliyowafundisha wanafunzi wake. Humo mna maelfu ya kanuni zilizopewa namba, moja baada ya nyingine. Uthibitisho ni haba. Mara nyingi msomaji hupewa dokezo la mstari mmoja, au huelekezwa kwenye namba ya kanuni iliyotangulia.

Hapa inafaa tuelewe kitabu hicho kilikusudiwa nini. Mtihani mkuu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioitwa Tripos, uliwapanga waliofaulu kwa nafasi, wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho, na utaratibu huo ulikoma mwaka 1909 tu. Aliyetaka nafasi ya juu alimlipa mwalimu wa pembeni, akazoezwa kufanya maswali kwa kasi. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo muhtasari wa Carr ulitosha, maana aliyekuwa na kitabu mkononi alikuwa na mwalimu mbele yake. Alichokiruka mwandishi, mwalimu alikijaza. Ramanujan alikipata kitabu, mwalimu hakumpata.

Basi akawa mwalimu wa nafsi yake. Alichukua kila kanuni kana kwamba ni swali, akaitafutia njia, na kutoka hapo akazua kanuni nyingine ambazo Carr hakuzijua. Karatasi ilikuwa ghali. Alifanyia kazi kwenye sleti, akifuta kwa kiwiko, na katika daftari aliandika jibu peke yake. Mtindo wa kitabu ukawa mtindo wa mkono wake. Tunawaomba wasomaji wetu wautazame vema mwendo huo, kwa sababu mtoto wa darasa la saba huiga kitabu vivyo hivyo, ila yeye hana kipawa cha kuzijaza nafasi zilizoachwa.

Mwaka 1904 alimaliza sekondari kwa zawadi ya hisabati, akapewa ufadhili wa kuingia chuo. Lakini alikwisha kuzama katika hisabati. Akashindwa Kiingereza, akapoteza ufadhili. Akahamia chuo kingine mjini Madras, na mtihani wa mwaka 1906 ukamwangusha. Mwaka 1907 akaanguka tena. Mtihani ule ulidai kufaulu masomo yote, pamoja na elimu ya viungo vya mwili ambayo hakuipenda hata kidogo. Kitabu bora cha mtihani wa Cambridge hakikuwa na neno kuhusu mtihani wa Madras.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ufukara, hata alipopata ukarani katika bandari ya Madras mwaka 1912, kwa rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge, akimpelekea kurasa za kanuni bila uthibitisho. Hardy mwenyewe alikuwa wa nne katika Tripos ya mwaka 1898, na aliuchukia mtihani huo kwa jinsi ulivyoyageuza mafunzo kuwa mashindano. Alitambua kwamba kanuni nyingi zilikuwa ngeni na za ajabu. Alitambua pia kwamba madai kadhaa juu ya namba tasa yalikuwa na makosa, ambayo uthibitisho ungeyafichua mapema.

Ramanujan alifika Uingereza mwaka 1914. Hardy na mwenzake Littlewood walimfundisha kuthibitisha, kazi ngumu, kwa kuwa walichelea kuizima chemchemi yenyewe. Tunaona hapo ndipo alipompata, baada ya miaka 11, mwalimu ambaye kitabu cha Carr kilimhitaji tangu mwanzo. Mwaka 1916 alipata shahada, na mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Afya yake ilikuwa imevunjika. Alirudi India mwaka 1919, akafariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na umri wa miaka 32.

Aliacha madaftari yenye maelfu ya kanuni. Mwanahisabati Mmarekani, Bruce Berndt, alizichambua moja moja, akiandika njia zilizoachwa, kwa msaada wa wengine. Juzuu ya kwanza ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1985, na ya tano mwaka 1998.