Jagadish Chandra Bose: aliyeacha udaktari, mawimbi yake yakarudi kwa madaktari

Redio unayotusikiliza inafanya kazi kwa mawimbi. Yale ya FM yana urefu wa mita 3 hivi. Yapo mengine mafupi mno, hata chini ya milimita 1, ambayo watafiti wanayajaribu ili kuona uvimbe wa ubongo bila kumpa mgonjwa dawa ya rangi. Huitwa mawimbi ya terahezi. Leo tunakuletea maisha ya mmoja wa watu wa kwanza kuyakaribia, Jagadish Chandra Bose wa India.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Bengal, katika eneo ambalo sasa ni Bangladesh. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya Waingereza. Wenye vyeo walipeleka watoto wao shule za Kiingereza, lakini yeye alimpeleka wake shule iliyofundisha kwa Kibengali. Huko Bose alikaa darasani na mtoto wa mvuvi na mtoto wa mtumishi wa baba yake, akasikia kwao habari za ndege, wanyama na viumbe wa majini.

Mwaka 1880 alikwenda Uingereza kusomea udaktari. Homa aliyotoka nayo nyumbani ilimzidia, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikamwongezea. Akaacha udaktari, akahamia Cambridge kusoma sayansi.

Mwaka 1885 alirudi Calcutta, akaajiriwa kufundisha fizikia Presidency College. Hapo alikuta Mhindi analipwa pungufu kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Bose hakugoma kufundisha. Aligoma kupokea mshahara. Kwa miaka 3 aliingia darasani bila kuchukua hata senti, ingawa nyumbani kwao kulikuwa na madeni. Mwishowe wakuu walikubali kumlipa kamili, pamoja na malimbikizo ya miaka ile yote. Fedha hizo zilisaidia kulipa madeni ya baba yake.

Maabara yake ilikuwa chumba kidogo, na msaidizi wake fundi bati. Hapo alitengeneza vyombo vya kutoa mawimbi ya urefu wa milimita 5 hivi, wakati wengine wakihangaika na mawimbi marefu zaidi. Mwaka 1895, mbele ya watu mjini Calcutta, mawimbi yake yalipita ukutani, yakapiga kengele na kulipua baruti bila waya.

Kwa habari yetu ya leo, kubwa zaidi ni lililofuata. Bose aliyapitisha mawimbi hayo kwenye vitu mbalimbali: kioo, salfa, fuwele, hata nyuzi zilizosokotwa za juti, zile za kushonea magunia. Kila kitu kiliyapinda au kuyageuza kwa namna yake. Maana yake, wimbi likipita kwenye kitu, hutoka na habari za kitu hicho.

Hapo ndipo ubongo unapoingia. Mara nyingi uvimbe wa ubongo hujipenyeza kwenye nyama nzima, na kwa macho mpaka hauonekani. Daktari akiacha kipande, unaweza kuota tena. Akikata kupita kiasi, mgonjwa anaweza kupoteza usemi au kushindwa kutembea. Ipo dawa ambayo mgonjwa hunywa kabla ya upasuaji ili uvimbe ung'ae chini ya taa ya buluu, lakini si kila aina ya uvimbe hung'aa.

Terahezi haihitaji rangi. Mawimbi yake humezwa sana na maji. Kwa kawaida uvimbe una maji mengi na mafuta machache kuliko sehemu nyeupe ya ubongo wenye afya. Kwa hiyo mawimbi yanayorudi kutoka sehemu hizo mbili hutofautiana, na kompyuta hugeuza tofauti hiyo kuwa picha.

Lakini maji hayo hayo ndiyo kikwazo. Mawimbi humezwa kabla hayajafika mbali, hivyo hayawezi kuutazama ubongo kupitia kichwa kilichofungwa. Hutazama uso wa nyama iliyofunuliwa au kipande kilichokatwa. Bado ni kazi ya utafiti. Hospitalini vipimo vinavyotumika ni CT na MRI. Mtu mzima aliyeanza kupata degedege, au anayeumwa kichwa kinachozidi siku hadi siku huku akitapika, awahi hospitali.

Baadaye Bose aligeukia mimea, akatengeneza chombo cha kupima ukuaji wake mdogo kabisa. Mwaka 1917 alifungua taasisi ya utafiti Calcutta. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937, bila kujua kwamba njia aliyoianza na fundi bati ingeelekea kwenye chumba cha upasuaji, mahali ambapo homa ilimzuia yeye mwenyewe kufika.