Padre Libermann na Miaka Yake ya Giza



Ukiishi Arusha, Waspiritani utakutana nao tu. Seminari yao iko Njiro, na askofu wa kwanza wa jimbo letu, Dennis Durning, alitoka shirika hilo mwaka 1963. Lakini Mtumishi wa Mungu Francis Libermann, wanayemwita baba yao, wengi wetu tunamjua kwa jina tu.

Alizaliwa mwaka 1802 huko Saverne, Ufaransa, mtoto wa rabi wa Kiyahudi, akaitwa Jacob. Mama alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alibatizwa Paris mkesha wa Noeli 1826, na baba yake alipopata habari alimlilia kama mtu aliyekufa. Basi huyu kijana akaingia seminari ya Saint-Sulpice akiwa hana nyumba ya kurudi.

Mwaka 1829, siku moja kabla ya kupewa ushemasi mdogo, akaanguka kifafa. Sheria ya Kanisa wakati ule ilikuwa wazi: mwenye kifafa hapadrishwi. Wenzake wakaendelea mbele, wakapata upadre, yeye akabaki. Baadaye akapelekwa nyumba ya Issy, nje kidogo ya Paris, kumsaidia mtunza mali: kununua vitu, kutumwa huku na kule. Na sisi tunajua kifafa kinavyotazamwa hata leo mitaani kwetu, watu wanavyosogea pembeni.

Kwa nje alikuwa mtulivu, mwenye tabasamu. Ndani ilikuwa habari nyingine. Siku moja, akivuka daraja Paris na mwenzake, alimfungulia moyo: mawazo ya kujiua yalikuwa yakimjia kila alipopita darajani. Hakuna daktari aliyempima sonona, kwa hiyo sitambandika jina la ugonjwa. Ila jamani, alisema. Mtu aliyeonekana mtakatifu kuliko wote pale ndani alimwambia mwenzake jambo kama hilo.

Na ni huyo huyo ambaye waseminari wenye huzuni walimfuata. Aliwasikiliza, na baadaye akawaandikia barua nyingi sana. Kwa waliosumbuka rohoni ushauri wake ulikuwa wa upole: usipigane na nafsi yako kwa hasira, jivumilie, kaa mbele za Mungu na udhaifu wako kama ulivyo. Hakumwambia mtu kwamba huzuni yake ni dalili ya imani haba. Angeanzia wapi, wakati yeye mwenyewe alikuwa akisali na giza halitoki?

Hapo ndipo aliponishika. Rafiki yangu mmoja aliacha kuja kwaya, akawa analala mchana kutwa, hali vizuri, simu hapokei. Nina shahada ya falsafa, nikajiona ninajua la kusema. Nikamtumia mistari ya Biblia na novena, nikamwambia asali zaidi. Kumbe alikuwa anasali, na maneno yangu yakamwongezea mzigo wa kujiona mkosefu.

Libermann alipadrishwa Septemba 1841, kifafa kikiwa kimetulia, mwaka uleule aliofungua shirika kwa ajili ya watu weusi waliokuwa utumwani au wametoka humo. Mwaka 1848 shirika hilo likaunganishwa na lile la Roho Mtakatifu. Kundi la kwanza alilotuma Afrika Magharibi mwaka 1843 karibu lote lilimalizwa na homa katika miezi michache. Huo nao ulikuwa msiba aliopaswa kuubeba. Alifariki tarehe 2 Februari 1852, kabla wanawe hawajafika Zanzibar mwaka 1863, na Bagamoyo mwaka 1868.

Novena niliacha kutuma. Nilienda kwake, nikakaa, tukanywa chai bila maongezi mengi. Mara ya tatu nikamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Akanyamaza, kisha akasema ndiyo. Usiku ule hatukumwacha peke yake, tukamwambia dada yake, asubuhi tukaenda naye hospitali sote watatu. Sasa anatumia dawa na anaonana na mshauri. Jumapili iliyopita alikuja misa ya pili, akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikaenda kukaa naye hukohuko.