Dkt. Karel Styblo na Mkakati wa Kifua Kikuu Uliojengwa Tanzania

Mwananchi anayegundulika kuwa na kifua kikuu hapa nchini huandikwa katika rejista ya wilaya, hupewa dawa bila malipo na hufuatiliwa hadi matokeo ya matibabu yake yajulikane. Utaratibu huo, ambao baadaye ulienea duniani, ulijengwa na kupimwa nchini Tanzania kuanzia mwaka 1977 kwa uongozi wa kitaalamu wa Dkt. Karel Styblo.

Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria, na humo akapata kifua kikuu. Alinusurika, akasomea udaktari mjini Prague, na katika miaka ya 1960 akashiriki uchunguzi mkubwa wa wilaya ya Kolín. Huko ilibainika kuwa kupiga picha za eksirei kwa umma mzima kuliwakosa wagonjwa wengi wanaoambukiza wengine; wengi wao walipatikana kwa sababu walikohoa na kwenda wenyewe kwa daktari. Mwaka 1966 alihamia The Hague, Uholanzi, kuendeleza utafiti wake.

Serikali ya Tanzania ilipoanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifua Kikuu lilimtuma Styblo kusaidia. Wataalamu wengi walikuwa na shaka kwamba nchi maskini yenye vijiji vilivyotawanyika ingeweza kuwatibu wagonjwa hadi mwisho. Miaka ya mwanzo ilielekea kuwathibitisha. Matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi, wagonjwa walijisikia nafuu mapema wakaacha dawa, na idadi ya waliopona haikuridhisha.

Kuanzia mwaka 1982 yakaingizwa matibabu ya miezi 8. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alipewa streptomaisini, isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi, kila dozi ikimezwa au kuchomwa mbele ya mhudumu, na wengi wakilazwa hospitalini. Miezi 6 iliyofuata alitumia isoniazidi na thiasetazoni nyumbani. Rifampisini ilikuwa ghali, na hofu kubwa zaidi ilikuwa usugu wa vimelea endapo ingemezwa ovyo. Ndiyo maana haikutolewa nje ya usimamizi. Waliopona wakafikia takriban asilimia 80.

Hata hivyo, dawa peke yake zisingetosha. Kila wilaya iliwekewa mratibu, hadubini ya kupimia makohozi na rejista, na kila baada ya miezi mitatu taarifa ilipelekwa mkoani na kisha makao makuu. Wagonjwa wote walioandikishwa katika robo moja ya mwaka walihesabiwa upya baada ya matibabu: waliopona, waliofariki, walioshindwa kupona, waliotoroka na waliohamia kwingine. Hakuna jina lililoruhusiwa kupotea kimyakimya. Ni kazi ya makaratasi, isiyovutia, lakini ilionesha upesi wilaya iliyozembea na ile iliyopungukiwa dawa.

Wakati mfumo huo ukishika mizizi, mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligundulika mkoani Kagera. Virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga, na vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini kwa miaka huamka. Idadi ya wagonjwa, ambayo Styblo alitarajia ishuke, ikapanda mwaka hadi mwaka. Thiasetazoni nayo ikageuka hatari: utafiti uliofanywa Nairobi ulionesha kuwa watu wenye VVU waliweza kupata madhara makali ya ngozi, hata kufa, na ikabidi nafasi yake ichukuliwe na ethambutoli. Pamoja na hayo, vipimo vya ngozi vilivyofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi vilionesha kuwa kasi ya maambukizi kwa watoto haikupanda sambamba na idadi ya wagonjwa. Wengi walikuwa wakiugua, lakini walitibiwa kabla ya kuambukiza wengine wengi.

Mbinu hiyo ilipelekwa Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua. Mahesabu ya gharama yaliyofanywa kutokana na takwimu za nchi hizo yaliishawishi Benki ya Dunia kuwa matibabu haya ni miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kwa fedha kidogo. Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kugundua asilimia 70 ya wagonjwa wanaoambukiza na kuponya asilimia 85 ya wanaogunduliwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na baadaye likaupa mkakati huo jina la DOTS.

Styblo alifariki mwaka 1998, kabla dawa za kufubaza VVU hazijaanza kutolewa bure nchini. Zilipofika mwaka 2004, kliniki za kifua kikuu zilikuwa tayari na rejista, waratibu na taarifa za kila robo mwaka.