Tusitala: Msafiri Aliyechagua Kisiwa

Wahenga walimkaribisha mgeni aje ili mwenyeji apate kupona. Katika maisha ya Robert Louis Stevenson methali hiyo inapinduka, kwani mgeni ndiye aliyekuwa akitafuta kupona. Wanafunzi wa fasihi tafsiri wanamfahamu kupitia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ya Treasure Island iliyotolewa enzi ya ukoloni. Safari zake mwenyewe visiwani, hata hivyo, ni nadra kutajwa madarasani.

Stevenson alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Novemba 1850, katika ukoo wa wahandisi wa minara ya taa za baharini. Tangu utotoni aliandamwa na maradhi ya kifua. Aliuacha uhandisi, akasomea sheria, kisha akaiacha sheria nayo na kushika kalamu. Mwaka wa 1880 alimwoa Fanny Osbourne, Mmarekani. Riwaya ya kisiwa iliyomjengea jina ilitoka kama kitabu mwaka wa 1883, kabla hajakanyaga kisiwa chochote cha Pasifiki.

Mnamo Juni 1888 alikodi jahazi la Casco huko San Francisco, akasafiri na mkewe, mamake mzazi na mwanawe wa kambo. Walipitia Marquesas, Fakarava na Tahiti, wakafika Honolulu Januari 1889. Huko alifanya urafiki na Mfalme Kalākaua, na mwezi wa Mei akazuru makao ya wagonjwa wa ukoma kisiwani Molokai. Kisha alielekea visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati, na mwezi wa Desemba akatia nanga Apia, Samoa.

Kwa nini basi akachagua Samoa miongoni mwa visiwa vyote hivyo? Kwanza, joto lake lilimfaa. Mwaka wa 1890 alipofika Sydney aliugua tena, akatambua kuwa baridi ya kwao ingemuua. Pili, meli za barua zilipitia huko mara kwa mara, na mtu aishiye kwa kalamu hawezi kukaa pasipofika barua. Alinunua zaidi ya ekari 300 mahali paitwapo Vailima, akajenga nyumba.

Hata hivyo, kisiwa hicho kilikuwa na wenyewe, tena kilikuwa kikigombaniwa. Ujerumani, Uingereza na Marekani zilikuwa zikivutana juu ya Samoa. Stevenson hakunyamaza. Alijifunza Kisamoa, akamuunga mkono kiongozi Mata'afa, na mwaka wa 1892 akachapisha kitabu cha A Footnote to History kilichowakosoa watawala wa kigeni. Mata'afa aliposhindwa mwaka wa 1893 na kupelekwa uhamishoni, Stevenson aliwasaidia machifu wafuasi wake waliofungwa gerezani. Walipoachiliwa mwaka wa 1894, walimlimia barabara ya kufikia nyumba yake kama shukrani.

Mhakiki makini hatakosa kuona ukinzani uliopo hapa. Aliyewashutumu wageni alikuwa mwenyewe mgeni mwenye shamba kubwa na watumishi Wasamoa. Wala kalamu yake haikuizuia Samoa kugawanywa baina ya Ujerumani na Marekani mwaka wa 1899. Ila ni haki kusema kwamba hadithi yake ya The Bottle Imp ilichapishwa kwa Kisamoa mwaka wa 1891, na kwamba wenyeji walimpa jina la Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi.

Alifariki ghafla tarehe 3 Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 44. Wasamoa walifyeka njia hadi kilele cha mlima Vaea, wakampandisha mabegani na kumzika huko. Msafiri alikichagua kisiwa kwa ajili ya mapafu yake na barua zake. Wenyeji nao, baada ya kumpima kwa miaka michache tu, walimchagulia mahali pa kulala.